Sauti ya Tano

Haki ya Mungu, haya ni kweli tupu, na herufi moja sikuongeza.

Burhanuddin, fundi redio wa nyuma ya soko hapa Bagamoyo, alifungua duka saa mbili asubuhi, akachomeka gemu zake za kaseti, zile za zamani za kuunganisha na TV, akawasha na kompyuta ya chogo. Hizo ndizo ala zake. Milio ya kuruka, ya kufa na ya kuokota sarafu anaipanga mpaka inakuwa chakacha, na watu wa Zinga wanamwita harusini. Gemu moja ina sauti nne basi: mbili za kuimba, moja ya besi, moja inachakarisha kama mchanga juu ya bati.

Jumatatu hiyo zikatoka tano.

Ya tano ilikuwa pumzi. Ta, ta, taaa. Fundi akabadilisha waya, pumzi ikabaki. Tundu la kaseti likaanza kudondosha maji mekundu. Akatega beseni, akaendelea na kazi, maana harusi ilikuwa Ijumaa.

Mardhiya, muuza vitumbua wa jirani, akaingia na sahani mkononi, akasikiliza.

"Huyo Miza," akasema.

Miza ni binti yake. Zamani, Burhanuddin alipokuwa akichezesha watoto gemu, Miza alicheza bure kwa kazi moja: kaseti ikigoma, anaichomoa, anaipuliza. Mara tatu, ya tatu ndefu. Alikuwa na miaka tisa masika yalipolijaza shimo la kifusi chekundu, lile lililoachwa na watengeneza barabara, akazama.

"Nipunguze?" fundi akauliza.

"Ongeza. Na hilo beseni limejaa."

Tangu siku hiyo Mardhiya akawa anakuja kila siku baada ya alasiri, anamwaga maji, anakaa. Harusini wageni walicheza kama kawaida, wanawake wamepandisha nguo zisilowe. Mardhiya alitaka kitu kimoja tu.

"Hii ta ni ya nini, Burhan? Mwanangu ananiambia kitu, sikielewi."

Pale dukani hushinda mzee mmoja mstaafu, Mwinyimvua, mwenye maneno kuliko redio zote za rafuni. Hakubali swali lipite bila jibu.

"Anasema tata. Mtoto huyo, anaita baba kwa kitoto."

"Tata nini, mzee wangu? Miza alikuwa darasa la tatu, ananisomea magazeti. Kama hujui, kunywa kahawa yako."

Hilo la kutojua likamwasha mzee ulimi.

"Najua sana. Kulikuwa na karani mmoja. Kazi yake kuandika taarifa ya lile shimo: shimo litafukiwa. Sasa ilikuwa Ijumaa, adhana imeshatoka, mkubwa wake anataka faili lifungwe. Akaandika limefukiwa. Me badala ya ta. Lililokwisha kufukiwa nani atalipelekea tingatinga? Hata kalamu ilivuja, doa la bluu likatua juu ya ile me kama nzi."

Mardhiya akaweka beseni chini.

"Doa umelionaje?"

Burhanuddin akazima umeme. Gemu ikaendelea. Ta, ta, taaa.

Basi. Karani ni mimi. Na mzee wa maneno mengi ni mimi huyo huyo.

Mardhiya hakupiga kelele. Aliichomoa kaseti ikichuruzika, akaniwekea kiganjani.

"Inashika kutu. Puliza."

Nikapuliza, na napuliza kila siku baada ya alasiri. Pumzi inayoingia mle hairudi. Daktari kanisikiliza kifua, kasema kuna maji, kayatoa kwa sindano, mekundu.

Nilikwenda ofisini waifute me, waandike ta. Kijana wa pale aliniamkia vizuri, akafungua faili, akanionyesha saini yangu.

"Shimo hili halipo, mzee wangu."

Niliporudi nilipita ukingoni mwake. Bata walikuwa wanaogelea, na watoto wawili wamekunja suruali wanavua kambare. Niliwafokea watoke. Sauti haikutoka.

Mardhiya ananiita sasa hivi, kaseti iko mkononi mwake.

Nilisema herufi moja sikuongeza, na sikuongeza. Nilibadilisha mbili.