Binti wa Mbwana

Kazini kwake Kipevu, Mbwana alijulikana kwa jina la Baba Rashad. Ni yeye mwenyewe aliyejitambulisha hivyo alipoajiriwa katika ofisi ya mawakala wa kutoa mizigo bandarini, na wenzake wakalishika jina. Hakuwaambia kwamba kabla ya Rashad alikuwapo Swabra, binti yake wa kwanza, ambaye sasa alikuwa msichana wa miaka minane na bado hakuwa akisema ila maneno machache, tena kwa wakati autakao mwenyewe. Hakuwadanganya kwa kinywa. Aliacha tu kusema, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo kusema kulivyozidi kuwa kugumu.

Nyumbani Mtongwe mambo yalikuwa mengine. Huko mkewe Zuleikha aliitwa Mama Swabra, naye hakulionea haya jina hilo. Ndiye aliyehangaika na mtoto tangu alipokuwa hageuki akiitwa, tangu alipoanza kupanga vifuniko vya chupa mstari mmoja mrefu ukumbini na kulia kwa uchungu kimoja kikisogezwa. Watu walimwambia mengi. Wengine walisema mtoto kashikwa na jini, wengine kwamba kadekezwa. Zuleikha aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akampeleka hospitali, akaambiwa ni usonji. Si maradhi ya kuambukiza wala si laana, alielezwa. Ndivyo ubongo wa mtoto ulivyoumbwa, na akisaidiwa mapema atajifunza mengi. Msaada wenyewe lakini ulikuwa ng'ambo ya kivuko, mjini kisiwani. Basi Zuleikha akawa anavuka feri na mtoto, na Mbwana anakwenda kazini.

Asubuhi moja Zuleikha aliteleza uani akateguka mguu, ukafura hata asiweze kuukanyagia. Na siku hiyo ndiyo Swabra aliyokuwa na miadi na mtaalamu wa tiba ya usemi, miadi waliyoingoja kwa miezi.

"Leo utampeleka wewe," Zuleikha alimwambia mumewe.

Akamweleza avuke mapema kabla watu hawajawa wengi. Amzibe masikio feri ikikaribia kupiga honi. Na asimkamate mkono kwa nguvu, maana hilo humtia hofu kuliko kitu chochote. Mbwana aliitikia kila neno huku akitafuta viatu vyake.

Hakuvuka mapema. Alipofika kivukoni Likoni banda la kungojea lilikuwa limekwisha jaa, watu wamebanana na mizigo yao. Lango lilipofunguliwa wakamiminika mteremkoni kwa kishindo, na hapo hapo feri ikapiga honi. Swabra alijitupa chini, akapiga ukelele ambao Mbwana hakuwahi kuusikia hadi mwisho, kwa kuwa nyumbani yeye alikuwa akitoka nje mambo yakianza. Akashikwa na haya. Akafanya kile alichokatazwa: akamkamata mtoto kifundo cha mkono, akamvuta.

Swabra akamuuma, kisha akasema mojawapo ya maneno yake machache, tena kwa sauti ya kufika mbali. "Wacha mtoto! Wacha mtoto!"

Yalikuwa maneno ya bibi yake, aliyokuwa akiwakemea nayo wajukuu wa kiume wakimchokoza dada yao. Swabra aliyabeba kama alivyoyasikia. Lakini pale kivukoni nani angalijua hayo? Watu walisimama. Mwanamke mmoja akauliza mtoto yule ni wa nani, Mbwana akasema ni wake. Mwanamke akainama, akamwuliza Swabra kwa upole kama yule ni babake. Swabra hakumtazama wala hakumjibu. Alikuwa amejikunja, akitikisika mbele na nyuma, akirudia maneno yale yale.

Siku hizo kulikuwa na habari za watoto kupotea, na watu walikuwa na hofu zao. Mkono ukamshika Mbwana ukosi wa shati. Mtu akataka aone picha ya mtoto katika simu yake, kwani mzazi gani hana picha ya mwanawe? Mbwana akaitoa simu, akazifungua picha. Kulikuwa na picha za Rashad na mdogo wake siku ya Idi, za Rashad na baiskeli, za mdogo wake akila embe. Ya Swabra haikuwapo hata moja.

Ndipo alipomwona Odhiambo, waliyekuwa wakikaa naye meza zinazotazamana kule ofisini, mtu wa Siaya aliyehamia Likoni majuzi tu. Mbwana alimwita kwa sauti ya mtu anayezama. Odhiambo akajipenyeza hadi mbele, akawaambia watu kwamba yule anamjua vizuri, ni Baba Rashad, mfanyakazi mwenzake, mtu mstaarabu.

"Na mtoto je?" akaulizwa.

Odhiambo alimtazama Swabra, akamtazama Mbwana. "Mtoto simjui," alisema polepole. "Ninavyojua mimi, ana wavulana wawili tu."

Kofi la kwanza likamjia Mbwana kutoka nyuma, la pili likampasua mdomo. La tatu halikumfikia, kwa sababu mama mmoja mnene aliyekuwa akiuza nguo za watoto kando ya njia alikuwa amekwisha ingia katikati, mikono ameitanua.

Huyo alikuwa Jerioth, mzaliwa wa Embu aliyekaa Likoni miaka mingi hata Kiswahili chake kikapata lafudhi ya kipwani. Hakubishana na mtu. Aliwaomba warudi nyuma mtoto apate hewa, akaitandaza leso yake ya kujitanda kama pazia ili Swabra asiuone umati, kisha akaketi chini, mbali naye kidogo, bila kumgusa.

"Huyu ni Swabra, binti ya Zuleikha wa Mtongwe," aliwaambia. "Ana usonji. Mimi nina kijana kama yeye. Hawezi kuwajibu, na mkipiga kelele ndiyo mwazidi kumuumiza."

Askari wa kike aliyekuwa zamu kivukoni akafika. Jerioth akampigia simu Zuleikha, na askari akazungumza naye mwenyewe, akatumiwa picha ya familia nzima. Akairudisha simu, akawaambia watu waende zao. Wakaenda, wengine wakilalama. Kijana mmoja aliokota kiatu cha Swabra kilichochomoka, akakiweka karibu naye kwa uangalifu, akaondoka bila kumtazama Mbwana.

Siku hiyo hawakuvuka tena. Swabra alitulia pole pole nyuma ya meza ya Jerioth, akawa anazipanga soksi za kuuza kwa rangi zake, na Jerioth akamwacha azipange. Alimweleza Mbwana habari za mwanawe Kimani, ambaye sasa amempita mama yake kwa kimo, na jinsi alivyovuka naye feri ile hadi siku aliposhindwa kumwinua akianguka, na tiba ikaishia hapo. Akamweleza pia kwamba wako wazazi kadhaa wa upande huu wanaokutana Jumamosi, wanaoomba mtaalamu aletwe huku huku Likoni. Zuleikha ni mmoja wao.

"Wewe nimekuwa nikikusikia tu," alisema, bila ukali.

Odhiambo naye hakwenda kazini. Alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi, na alipopata nafasi akaomba radhi.

"Ulisema kweli ndugu yangu," Mbwana alimjibu. "Mimi ndiye sikukwambia."

Nyumbani, Zuleikha hakumlaumu. Alimwosha mdomo kwa maji ya chumvi, mguu wake mwenyewe umeegeshwa juu ya kigoda. Mbwana akamwuliza kama mambo haya huwa yakimpata yeye kila anapovuka.

"Si kila mara," Zuleikha alisema. "Mara nyingine watu huwa wema."

Jibu hilo lilimchoma Mbwana kuliko makofi.

Jumamosi ile alikwenda naye. Wazazi walikutana katika chumba kimoja cha madrasa, wanawake karibu wote: wenyeji wa Likoni, akina mama wa Kigiriama, wachache wa bara. Mbwana alitarajia kusikia vilio, akakuta watu wanapanga kazi. Shida yao ilikuwa moja. Kila walipoomba mtaalamu, walijibiwa kwamba watoto wenye hali hiyo upande huu ni wachache mno. Kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti kilikuwa karibu. Zuleikha akatoa shauri kwamba safari hii waende na watoto wenyewe. Wengine waliogopa kuchekwa. Mwishowe wakakubaliana kwamba atakayeweza na aje.

Ukumbi ulijaa siku hiyo. Walisema watu wa barabara, wakasema watu wa maji, wakasema watu wa mitaro. Swabra alikaa kati ya wazazi wake akitoa mvumo wake wa chini kama wa nyuki, na mtu wa nyuma akanong'ona kwa nguvu kwamba mtoto huyo atolewe. Mbwana alihisi haya yake ya zamani ikimpanda shingoni. Zuleikha ndiye aliyepangwa kusema, lakini alipoitwa alimtazama mumewe, na Mbwana akajikuta amesimama.

Hakuwa msemaji. Alianza kwa salamu, akasahau alichotaka kusema, akaanza tena.

"Mimi ni mzaliwa wa Mtongwe. Huyu hapa ni mwanangu wa kwanza, aitwa Swabra," alisema. "Majuzi nilipigwa kivukoni kwa kudhaniwa nimemwiba. Sikuwakasirikia walionipiga, maana walikuwa wakimlinda mtoto. Lakini wangelijua usonji ni nini, wasingelinipiga. Na mtaalamu angelikuwa hapa, nisingelikuwa kivukoni. Mwasema watoto hawa ni wachache. Si wachache, wamefichwa. Hata mimi wangu nilimficha."

Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alimshukuru, na kikao kikaendelea na habari za taa za barabarani. Zuleikha aliutia mkono wake ndani ya mkono wa mumewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu.

Walipotoka nje, mtu aliwafuata hadi kando ya ukuta. Alikuwa Mzee Suleiman, jirani yao, mtu mkali aliyeheshimiwa msikitini. Mbwana alimwamkia shikamoo, na mzee akaitikia marahaba kwa sauti ya chini.

"Mtaalamu huyo mumuombaye," aliuliza, "akija, atamkubali aliyekwisha kuwa mkubwa? Nina mjukuu. Yuwakaa chumba cha nyuma."

Walikuwa majirani miaka yote hiyo, na Mbwana hakujua kwamba chumba kile kina mtu.

Mtaalamu hakuja upesi. Walirudi katika ofisi za kaunti mara nyingi, wakaambiwa wangoje, wakangoja, wakarudi tena. Mbwana aliomba ruhusa kazini kwa sababu aliyoitaja wazi, na Odhiambo akamshikia zamu. Mwaka wa pili ulipoanza, kijana mmoja aitwaye Purity, aliyesomea tiba ya usemi, akaletwa katika kituo cha afya cha upande ule, siku mbili kwa juma. Chumba alichopewa kilikuwa kidogo, na feni yake ilikuwa ikilia hata ikabidi izimwe.

Siku ya kwanza viti havikutosha. Walikuja watu kutoka Mtongwe, kutoka Shika Adabu, hata kutoka Changamwe walikosikia habari. Wengine walikuwa na watoto ambao jirani zao walikuwa wakiwaona kwa mara ya kwanza, vijana wakubwa wengine, wakifinya macho kwa mwanga. Mzee Suleiman alifika na mjukuu wake, Jalila, msichana mrefu aliyevaa baibui mpya, na akamsogeza ukutani mahali pasipo na watu wengi.

Purity alitoka mlangoni, akautazama umati ule, akamwuliza Zuleikha kwa wasiwasi atawezaje peke yake.

"Hutaweza," Zuleikha alimwambia. "Anza na hawa. Sisi kesho twarudi kuomba wa pili."

Mbwana alikuwa amekwisha toka kutafuta mabenchi madrasani.