Taa za Nyumba ya Baba

Wifi alipanga maboksi ya taa juu ya meza ya chakula, akayafungua moja moja, akirudia rudia kama mtu anayechagua nguo ya harusi. Sebuleni alitaka ile ya vioo vya kuning'inia. Chumbani zile za ukutani, jikoni lile duara bapa linalobana darini. Fundi, bisibisi mkononi, alimwambia kwa upole kwamba ile ya vioo ni nzito, ndoano moja haitaihimili.

"We ifunge tu, wifi. Wageni wanakuja saa kumi na mbili," alijibu wifi, mke wa kaka yake.

Akaifunga kwa ndoano mbili.

Fundi huyu alikuwa dada wa mwenye nyumba, ingawa hapo kwenye "mwenye" pana maneno. Nyumba aliijenga baba yao. Binti ndiye aliyechimba kuta na kupitisha kila waya, akiwa na miaka kumi na tisa, baba akimshikia ngazi. Ndiye pia aliyemuuguza mzee miaka kumi na mmoja katika chumba cha nyuma, akilala kwenye godoro la chini kando ya kitanda chake. Wiki moja baada ya mazishi, kaka alibadilisha kitasa. Hakumfukuza, la. Alimwambia tu kwamba mwanamke hukaa kwa mumewe. Mume hakuwa naye, na kaka alilijua hilo vizuri.

Kwa hiyo alipoitwa kufunga taa alikubali bila kujivunga. Moyoni alikuwa na ombi moja: arudishiwe kile chumba cha nyuma. Hakutaka zaidi ya hapo.

Fundi mwingine angepasua kuta kutafuta waya zinapopita. Yeye aliweka kiganja tu, akakumbuka. Saa kumi na moja jioni aliwasha, taa zote zikawaka, wifi akapiga makofi. Fundi akakusanya vifaa, akavaa viatu, akatoka nje. Nyumba nzima ikazimika.

Alipovuka kizingiti kurudi, zikawaka. Akapima kwa testa: umeme upo, waya ni nzima, swichi haina kasoro. Akatoka tena, zikazimika tena.

"Ni wewe," alisema kaka, kama aliyeonyeshwa bomba linapovuja.

"Naona ni mimi."

"Si wameandika zina garantii?" aliuliza wifi.

"Garantii ni ya balbu tu, wifi."

Fundi akaona hapo ndipo pa kusemea. "Kaka, basi nipe kile chumba cha baba. Nitalala humo, nanyi mtapata mwanga."

Kaka alijikuna kidevu. "Kile tumeweka makabati ya wifi yako. Halafu watu watasema nini? We uwe unakuja jioni tu, dada. Tukishakula na kutandika vitanda, unaenda zako."

Ilimuuma. Angeweza kuondoka akawaacha wapapase gizani. Mlango ulikuwa wazi. Lakini kuta hizo alizichimba kwa mikono yake, na hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo baba yake alikuwa amebaki. Akavua viatu.

Wifi alimletea kigoda, akakiweka koridoni, milango yote inapokutana, ili kila chumba kipate sawa. Wageni walipofika walizisifia taa. Walipoelezwa jinsi zinavyowaka, walisema ni bahati kuwa na fundi ndani ya familia. Kisha wakakaa kula.

Kutoka pale kwenye kigoda aliuona mlango wa chumba cha baba yake, umefungwa, mwanga uliokuwa ukimulika makabati ukipenya chini yake. Machozi yakamtoka kimya kimya. Sebuleni taa ya vioo ikafifia, na mtu akasikika akipapasa kijiko.

"Wifi, jikaze kidogo," sauti ilimjia kutoka mezani, ya upole kabisa. "Tunakula."

Fundi akafuta macho kwa mkono wa ovaroli. Mwanga ukarudi wote.