Mrithi wa Mke Mwenza

Watu wakiniuliza kama nimewahi kuletewa mke mwenza, huwajibu kwamba ndiyo, na alikaa humu humu uani, alikuwa na milango mitatu na kutu kiunoni. Mume wangu alimleta miaka ishirini na sita iliyopita. Lilikuwa gari dogo la kijani, dogo hasa, mtu mrefu akiingia magoti yalimfika kidevuni. Ndani yake mume wangu amefundisha nusu ya mji huu kuendesha. Mwalimu wa udereva hana ofisi nyingine: humo ndimo alimokula chakula chake cha mchana, humo ndimo alimogombana na wanafunzi, na jioni alirudi kwangu akinuka viti vile. Nilimwonea wivu yule mwanamke wa bati, nisiseme uongo.

Kwa asiyelijua gari la kufundishia, lina breki mbili na klachi mbili. Seti moja ni ya mwanafunzi, nyingine iko upande wa pili, chini ya miguu ya mwalimu, ili mwanafunzi akichanganyikiwa gari lisimamishwe kabla halijaua mtu. Mwalimu, maana hata mimi humwita hivyo, alikuwa na mguu unaosifika. Alisema neno moja tu, "breki", kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, na kabla neno halijaisha mguu wake ulikuwa umeshafika.

Mimi sikujua kuendesha. Kinyozi hajinyoi. Alijaribu kunifundisha mwaka uleule alipolileta, tukagombana mbele ya watu kwenye mzunguko wa barabara, nikashuka nikarudi nyumbani kwa miguu. Hatukuligusa tena suala hilo mpaka figo zake zilipogoma.

Kisukari kilimla polepole, kwanza macho, kisha figo. Daktari alimwambia mambo mawili siku moja: atakuwa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na asiendeshe tena. La kwanza alilipokea kimya. La pili lilimliza, pale pale mbele ya daktari, na mimi nikabaki natazama kalenda ya ukutani kwa kuwa sikujua pa kuweka macho.

Hivyo mimi, fundi mapazia wa miaka hamsini na nane, nikaketi nyuma ya usukani wa mke mwenza wangu, juu ya mto nilioushona mwenyewe ili nione mbele ya boneti. Mwalimu akakaa kwenye kiti chake cha siku zote. Tukiwa ndani ya gari hakuwa mume wangu. Aliniita "mwanafunzi" na nikikosea gia alinikaripia kama mtu asiyewahi kula chakula changu. Mtihani nilifeli mara mbili. Mara zote mbili msimamizi aliandika kosa lile lile: anachelewa kufunga breki. Mwalimu aliisoma karatasi ya pili, akaikunja.

"Unanisubiri," akasema.

Kweli nilikuwa namsubiri. Nilisikia "breki", na kabla sijanyanyua mguu gari lilikuwa limeshaanza kupungua mwendo. Mwili ukizoea kubebwa haukumbuki kutembea. Mara ya tatu nilifaulu kwa bahati tu, siku ambayo barabara ilikuwa tupu.

Wakati wa mvua, tukitoka hospitali, alianza habari ya mrithi. Alikuwa na kanuni yake: gari huchaguliwa mrithi likiwa bado linatembea, kwa sababu mtu aliyefiwa na gari hununua chochote kinachong'aa. Basi kila Jumamosi tukawa tunakwenda kwenye yadi za magari, yeye na fimbo yake, mimi na uso wangu wa kununa.

Wanaume wengine hufungua boneti kwanza. Yeye alinikalisha mimi. Aliinama kwa taabu, akapima kwa kiganja nafasi kati ya goti langu na usukani, akaniambia nitazame nyuma, nivute mkanda, nifunge breki, tena, tena kwa nguvu. Mwuzaji mmoja, baba wa makamo mwenye tai iliyolegea, alimfungulia mlango wa pili.

"Mzee, kaa na wewe uone nafasi ya miguu."

"Miguu yangu haihusiki," Mwalimu akamjibu.

Kila gari nililitia ila. Hili lina uso wa mtu aliyenyimwa chai. Lile kiti chake kinanisukuma mgongoni kama mlevi kwenye foleni. Jingine, jeusi linalometameta, nikasema ni la kubebea maiti. Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikajuta neno lile kabla hajamaliza kucheka.

Mwisho wa mwezi alilipata alilolitaka: dogo, rangi ya fedha, lisilo na klachi.

"Hili unakanyaga mafuta, unakanyaga breki, basi. Hata ukitaka kulikosea utashindwa."

"Mzoea punda hapandi farasi," nikasema. "Tutafikiria."

Tuliporudi ndani ya mke mwenza, hakuniambia niwashe. Alikaa ameshika fimbo katikati ya magoti.

"Hebu niambie, unatafuta gari gani?"

"Lenye breki mbili."

"Hayo hayauzwi."

"Basi sitaki mrithi. Huyu bado yu hai."

"Huyu kila mwezi anachomelewa, mke wangu. Tunaendesha kiraka."

Hasira ilinipanda, na mimi nikipandwa na hasira sichagui maneno. "Gari lisilo na mguu wako ni gari la mjane," nikamwambia. "Ndilo unalonichagulia kila Jumamosi. Unanipimia magoti kama mtu anayenipimia nguo za eda. Unadhani sioni?"

Mwuzaji alikuwa akifuta vioo vya lile gari la fedha na kututazama kwa pembe ya jicho.

"Nimefundisha watu ambao hata sura zao nimezisahau," akasema mwishowe. "Wako barabarani sasa hivi, hawanihitaji. Wewe ndiye mwanafunzi pekee niliyemshindwa. Nataka nikuone ukiendesha peke yako kabla sijaondoka. Sina lingine ninalolitaka."

Nikawasha gari. Sikumwahidi kitu, na mpaka leo linaniuma kwamba sikumwahidi.

Alhamisi iliyofuata tulikuwa tunateremka mlima kuelekea hospitali. Chini pana makutano. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliingia barabarani akitazama upande mwingine.

"Breki," Mwalimu akasema.

Nikasubiri. Sina namna nyingine ya kulieleza. Nilisubiri gari lipungue mwendo kama lilivyopungua siku zote, na halikupungua. Yule mama aligeuka, nikayaona macho yake, nikakata usukani kwa nguvu zangu zote, tukapanda ukingo wa barabara na kuuvaa mlingoti wa umeme. Mama na mtoto wake walibaki wamesimama katikati ya barabara, wazima. Mdomo wangu ulikuwa unavuja damu. Boneti lilikuwa limejikunja mpaka kwenye kioo.

"Nimekanyaga," Mwalimu alikuwa akisema. "Nimekanyaga mpaka mwisho. Breki imekatika. Nimekanyaga."

Nilitazama chini. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimelala juu ya zulia, mbali na pedali kwa upana wa kiganja. Mguu wenyewe ulikuwa umekakamaa, unasukuma sakafu kwa nguvu zake zote. Naye akatazama. Akauona. Aliacha kusema.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu wakati wa mvua. Hausikii kitu. Ganzi tupu mpaka kwenye goti."

"Na siku zote hizi ulikuwa unafungaje breki?"

"Nilikuwa nautazama. Nikiutazama unakwenda ninapoutuma." Akajifuta uso kwa kiganja. "Leo nilimtazama yule mama."

Nilitaka kumpigia kelele, nimuulize kwa nini hakuniambia. Lakini angeniambia nini, na mimi niliyekuwa nakataa kila gari ili nisisikie? Wote wawili tulikuwa tumekaa ndani ya kigari kile, kila mmoja akimwachia mwenzake kazi ya kusimamisha. Karibu tumuue mtoto wa watu kwa ajili ya kuoneana haya.

Fundi makanika, rafiki yake wa miaka mingi, ndiye aliyekuja kulivuta. Alilala chini yake, akatoka anafuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Shemeji," akaniambia mimi, maana hakuthubutu kumtazama Mwalimu, "uti wa mgongo umepinda. Huyu haponi tena."

Majirani walikuja kutupa pole, mmoja akiwa na chupa ya chai, na Mwalimu akawapokea kibarazani kwa heshima zote kama mfiwa. Wiki hiyo hiyo tulilichukua lile gari la fedha. Sikulitia ila yoyote.

Ila nilikula njama. Nilimpigia simu fundi nikamwomba aifungue breki ya Mwalimu kwenye lile la zamani aje aifunge kwenye jipya. Yeye ndiye aliyeifunga mara ya kwanza, alijua kila skrubu yake. Alisita kwenye simu, kisha akasema, "Haya, shemeji." Alikuja asubuhi, ameiviringisha kwenye kitambaa chenye grisi, na kwa bahati mbaya Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, anaota jua.

"Nini hiyo?"

Fundi akanitazama mimi.

"Breki yako," nikasema. "Anakufungia."

"Ya mguu upi?"

Akainua fimbo yake na kuupiga mguu wa kulia, chini ya goti, pu! Akaupiga tena, kwa nguvu zaidi, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Nilisikia ule mlio wa mti juu ya mfupa, na mimi ndiye niliyepiga ukelele.

"Gari lina breki moja," akasema. "Ya pili ilikuwa inawadanganya watu. Fundi, ipeleke kwenye vyuma chakavu."

"Shemeji?" Fundi aliniuliza kwa sauti ya chini. Nilitamani kusema ifunge, ifunge hata kama ni pambo. Nikatikisa kichwa, akaondoka nayo. Nilikwenda jikoni nikafungulia maji ya bomba ili nisisikike.

Siku ya kliniki ilipofika, nililitoa gari la fedha uani na kumfungulia Mwalimu mlango wa mbele. Akaupita. Alishika paa, akajivuta taratibu hadi mlango wa nyuma, akaufungua mwenyewe. Aliinua mguu wa kulia kwa mikono miwili akauingiza kama mzigo, akafunga mkanda.

"Njoo mbele basi," nikamwambia. "Tafadhali, Mwalimu."

"Twende," akasema. "Tutachelewa."

Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu. Tangu nishike usukani sikuwahi kukiona kitupu, na njia nzima nilikuwa nakitazama badala ya kutazama kioo. Tulishuka ule mlima. Sikusikia neno nyuma yangu. Kwenye makutano watu walianza kuvuka, wanafunzi wa shule, mzee mwenye baiskeli. Nikakanyaga mwenyewe. Gari likasimama mapema, mbali na watu, bila kutikisika.

Nilimtafuta kwenye kioo. Nilitaka anisifu, au anikaripie, chochote. Alikuwa ameegemeza kichwa dirishani anawatazama watoto wakivuka, kama abiria yeyote.

Walimaliza kuvuka. Nilikuwa nimeshasahau kuondoka, na magari ya nyuma yakaanza kunipigia honi.