Ngolo za Luisa

Mume wangu Isidori alikuwa katekista wetu Ukata. Padri alifika mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine ibada ilikuwa mikononi mwa Isidori. Sasa Jumapili moja ya Kwaresima, mwaka ule tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, watu wamejaa kanisani, katekista hayupo! Nikaanzisha wimbo wa kwanza, wa pili, wa tano, mpaka sauti ikanikauka. Nikatoka nimefura.

Nilimkuta mlimani, shambani kwa Luisa, mjane aliyevunjika mkono wa kulia. Anachimba ngolo, mashimo yetu ya kulimia mlimani. Jamani! Kwetu Wamatengo mwanamume hukata nyasi na kuzipanga miraba. Kuchimba shimo katikati na kuzifukia kwa udongo ni kazi ya mwanamke. Lakini Luisa hakuwa na mtu, na mvua zilikuwa zinaelekea kwisha. Maharage yasingeingia ardhini siku zile, watoto wake wangelala njaa.

"Baba Wendelin! Huna haya? Watu wanakungoja!"

"Kuanzia kesho ni zamu yetu shamba la ujamaa, wiki nzima. Nilianza alfajiri, Mama Wendelin, nikadhani nitawahi."

Nikatazama kazi yake. Udongo alikuwa anaurudisha shimoni badala ya kufukia nyasi.

"Na hili nini, kaburi la kuku? Lete jembe hapa!"

Nikachimba kwa hasira. Nilipoinua kichwa, kanisa zima limesimama ukingoni. Walinifuata kuja kuona ugomvi. Wanawake wakamcheka katekista mpaka basi, kisha wakaenda kuchukua majembe.

Saa nane tulikuwa tumeshapanda. Isidori akasema tusali palepale. Luisa, aliyekuwa akitugawia mbegu, akajitenga.

"Mbona unakimbia? Na kanisani huji," nikamwambia. Nilikwisha kumsema kisimani kwamba imani yake imepoa.

"Nitafanyaje ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto, Mama Wendelin? Naona aibu mbele ya Mungu."

Moyo uliniuma sana. Nikainua mkono wangu wa kulia, na matope yake, nikamwekea ule msalaba: kwenye paji la uso, kifuani, bega la kushoto, bega la kulia. Akalia. Nami nikalia.

"Nisamehe, Luisa."

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani. Alikaa karibu nami, upande wa mkono wangu wa kulia.