Uzito wa Tairi la Akiba

Verl Tackett hakuwa mtu wa makuu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza pampu za visima katika mashamba ya Oklahoma, na starehe yake moja tu ilikuwa uwanja wa mbio ulioko nje ya mji wa Dunmore. Kila Jumamosi magari yalipangwa pale mawili mawili mbele ya nguzo ya taa, ya kijani ikiwaka yanafyatuka, na mwisho wa robo maili kila dereva anapewa kikaratasi chenye muda wake. Wenzake wengi walileta magari yaliyoundwa kwa kazi hiyo tu. Verl alileta pikapu.

Tena pikapu yenyewe haikuwa yake peke yake. Baba yao alipofariki aliwaachia yeye na dada yake, Nelda, nao wakaelewana kwa mdomo tu. Nelda, aliyekaa shambani na mama yao, aliitumia siku za kazi kubebea chakula cha ng'ombe. Verl aliichukua Ijumaa jioni na kuirudisha Jumapili.

Msimu ule kulikuwa na bwana mmoja, Boyd Yancey, mwenye pikapu ya aina ileile, aliyemshinda kila walipokutana. Kushindwa kungevumilika, ila Boyd alikuwa na mdomo. "Verl, ukifika kule mwisho nipigie simu," alimwambia mbele ya watu wakinunua soseji. "Nitakuwa nimeshaoga nimelala."

Verl alicheka na wenzake, lakini neno lile lilimkaa rohoni. Hela ya injini mpya hakuwa nayo, kwa hiyo akaanza na vidogo. Alifunga chujio la kuvuta hewa ya baridi kutoka nje, akabadilisha bomba la moshi kwa lililo pana zaidi, akanunua tairi laini za nyuma za kufunga akishafika uwanjani, zilizopunguzwa upepo ili zishike lami. Kila alipogusa kitu, muda ulimegeka kidogo. Akanogewa. Vya kuongeza vilipomwishia akaanza kupunguza uzito. Alishusha sanduku la vifaa, akang'oa mlango wa nyuma wa bodi, na mwishowe akalala chali chini ya gari akafungua tairi la akiba, akaliweka bandani kwake pamoja na jeki. Jumamosi ile alimpita Boyd kwa urefu wa boneti. Watu walimpigia makofi, na Boyd mwenyewe akaja kumpa mkono.

Jumapili alirudisha sanduku, akarudisha na mlango wa bodi, maana hivyo Nelda angeona mara moja kwamba havipo. Tairi hakulirudisha. Si kwamba alisahau. Alisimama bandani akalitazama, akajiambia kwamba Ijumaa atalifungua tena, ya nini kujichosha. Wiki iliyofuata alijiambia hivyohivyo, na baada ya hapo hakujiambia kitu tena.

Siku iliyoharibika ilikuwa ya joto kali la Julai. Nelda alikwenda kuchukua chakula cha ng'ombe, na mama yao, Bi Opal, akaomba aende naye apunge upepo. Wakiwa katika barabara ya changarawe, mbali na nyumba yoyote, tairi la mbele likapasuka. Nelda akainama chini ya bodi, akakuta mnyororo wa kushikilia tairi la akiba unaning'inia mtupu. Simu haikushika mtandao. Akamwachia mama maji, akamsihi asishuke, akaenda kwa miguu kutafuta msaada. Ndani ya gari kukawa kama tanuri. Bi Opal alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akashuka kutafuta kivuli, akateleza mtaroni akavunjika kifundo cha mkono.

Verl alipofika hospitali alimkuta mama yake amefungwa plasta, usingizi umemchukua, na dada yake ameketi kando na vumbi limemganda usoni. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Nelda akamshika mkono.

"Kosa ni langu, Verl," alisema. "Majira ya kuchipua nilipeleka lile tairi likazibwe, nadhani sikulifuata. Nimempigia yule mzee wa dukani, hata yeye hakumbuki. Nimemtembeza mama na gari bila tairi la akiba kama mtu asiye na akili."

Hapo ndipo pa kusema. Verl alifungua kinywa, na kilichotoka ni kwamba asijilaumu, mambo kama hayo hutokea. Alijisikia akiyasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. Baadaye hicho ndicho kilichomuuma kuliko yote, ule upole.

Bi Opal ndiye aliyepiga piano kanisani kwao tangu Verl hajazaliwa. Jumapili ile piano ilifunikwa kitambaa. Mchungaji alianzisha wimbo kwa sauti ya chini mno, wanawake wakashindwa kuufikia, na kufika ubeti wa pili kila mtu alikuwa akiimba kivyake. Wakati wa maombi Nelda alisimama akaomba msamaha mbele ya watu wote kwa uzembe wake. Wanawake wakamkumbatia. Verl alikaa pembeni yake akitazama viatu vyake.

Hakuweza kula chakula cha mchana. Aliwafuata shambani, akamkuta Nelda anamwosha mama nywele kwenye sinki la jikoni, maana mama hakuweza kwa mkono mmoja. Bi Opal ameinama, povu limemjaa kichwani. Verl alisimama mlangoni akasema yote kwa mkupuo: kwamba tairi liko bandani kwake, kwamba alilitoa mwenyewe kwa ajili ya mbio, kwamba alijua siku zote.

Nelda hakugeuka. Vidole vyake vilisimama kwenye nywele za mama, maji yakaendelea kumwagika.

"Limekuongezea mbio kiasi gani?" akauliza.

Verl akaanza kueleza habari za chujio na bomba la moshi.

"Sijauliza hayo. Nimeuliza tairi."

Alijua jibu. Mtu wa mbio anajua kila kilo inamgharimu nini. "Hata sehemu moja ya kumi ya sekunde haifiki," alisema. "Ningemshinda Boyd hata nikiwa nalo."

Kisha sauti ya Bi Opal ikatoka ndani ya sinki. "Nelda, malizia kunisuuza. Maji yanapoa." Na Nelda akamaliza, taratibu, akamfunga taulo, akamwongoza wakampita Verl mlangoni bila kumgusa.

Jioni hiyohiyo Verl alilirudisha tairi na jeki, akanunua na lingine jipya la mbele. Jumapili iliyofuata yeye ndiye aliyesimama kanisani, akaeleza vizuri nani alifanya nini. Mama yake alimsamehe mapema, labda kabla hajaombwa. Alimtaka tu awe anampeleka kwa daktari, naye akampeleka. Mkono ulipopona, vidole viwili havikurudi vilivyokuwa, na Bi Opal akawa anaruka baadhi ya nota kwenye piano.

Nelda hakulitaja tena jambo lile. Gari waliendelea kutumia kwa zamu, na hata mbio alimwambia aende tu, asijifanye mtawa. Lakini kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwasha, huweka mkoba wake juu ya boneti, hupiga goti kwenye changarawe na kuchungulia chini ya bodi. Hata Verl akiwepo, Nelda hufanya hivyohivyo, bila kumtazama, na Verl hujitafutia kitu cha kushika hadi dada yake atakapoinuka na kujipangusa magoti.