Kizingiti cha Mke Mwenza

Saandia aliuma leso asisikike na majirani, akajipaka mafuta ya karafuu palepale palipomwasha. Mutsamudu nzima hutuliza jino kwa mafuta hayo, naye akaona kidonda ni kidonda. Kulipokucha hakuweza kuketi, na kwenda haja ndogo kulimtoa machozi.

Haikuwa mara ya kwanza. Kwanza paja humchonyota, kisha vilengelenge hujikusanya sehemu za siri, hupasuka, halafu hupona vyenyewe. Safari hii alikuwa na wa kumlaumu. Mumewe Chanfi alikuwa amerudi kutoka Moroni, alikokuwa akiishi kwa mke mdogo Anziza, baada ya serikali ya Ali Soilih, rais wa Komoro, kuwaachisha kazi makarani. Nyumba ilikuwa ya Saandia, kama nyumba nyingi za mji ule zilivyo za wanawake. Akalitoa sanduku la Chanfi nje, akashika njia ya hospitali ya Hombo akiwaza talaka.

Mkunga Moinaidi alimtazama bila kukunja uso.

"Hii ni herpesi, mwanangu. Karafuu imekuunguza tu. Jioshe kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo, jikaushe, vaa nguo ya pamba isiyobana. Maumivu yakizidi, meza vidonge hivi. Na ukianza kuchonyotwa tu, usilale na mumeo mpaka ngozi ipone kabisa."

"Itakwisha lini?"

"Vidonda vitapona. Ugonjwa wenyewe hauna dawa ya kuumaliza, ila kadiri miaka inavyokwenda hurudi kwa nadra."

"Ameniletea yeye."

"Huenda. Lakini hukaa mwilini kimya hata miaka. Hukuwahi kuolewa na mwingine?"

Saandia alimkumbuka mume wake wa kwanza, mtu wa Mirontsy, na homa iliyomlaza mara tu baada ya harusi, pamoja na moto wa kukojoa ambao mama yake aliuita uchovu wa bibi harusi. Hasira ikakosa pa kukaa, na jambo hilo lilimuuma kuliko vidonda.

"Kuna mjamzito kwenu?" aliuliza Moinaidi. "Mtoto akipita penye vidonda wakati wa kuzaliwa anaweza kufa. Madaktari wakijua mapema, humtoa kwa upasuaji."

Anziza alikuwa katika mwezi wake wa tisa. Saandia hakuwahi kumwombea heri hata siku moja.

Nyumbani alimkuta Chanfi ameketi juu ya sanduku lake. Alimweleza yote.

"Nitamwambiaje Anziza mambo kama hayo?" alisema Chanfi, macho chini.

"Rudisha sanduku ndani. Utalala chumba cha mbele. Nitakwenda mimi."

Vidonda vilipoanza kukauka alipanda boti kwenda Moroni. Tangu utotoni alijua kwamba mke mwenza hakanyagi nyumba ya mwenzake, kwa hiyo alibisha hodi akabaki nje ya kizingiti. Anziza alifungua, tumbo mbele, msindzano wa liwa umemkauka usoni.

"Umekuja kunitukana, dada?"

"Nimekuja kukuuliza jambo la aibu."

Saandia alianza na mwili wake mwenyewe: kuchonyotwa, vilengelenge, homa ya ndoa ya kwanza, mafuta ya karafuu. Hakusema nani alimwambukiza nani, maana hakujua. Alitamani Anziza amfukuze, safari yake iishie pale.

Anziza aliegemea mlango. "Nilidhani ni joto," alisema polepole. "Vyangu vimetoka jana."

Saandia akavuka kizingiti, akaanza kumtafutia viatu vya kwendea hospitali.