Njia ya Mkato

Shuleni walimwita Bi Usingizi, maana hapakuwa na kipindi cha hesabu alichomaliza bila kusinzia. Mjini walimwita Cheche, ila hakuna aliyejua kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Cheche, aliyekimbia kuliko gari, alikuwa msaidizi wa Radi, yule shujaa mwenye kinyago aliyeng'oa milango ya nyumba zinazoungua na kusimamisha malori yaliyokatika breki. Akivua kinyago, Radi alikuwa shangazi yake tu, fundi cherehani mwenye duka dogo karibu na stendi.

Shangazi alikuwa na sharti moja. "Mbio zako ni za kuokoa watu. Shuleni ukimbie kama wenzako. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Bi Usingizi alilishika sharti hilo mpaka siku ya mbio ndefu za shule. Mshindi angepata nafasi katika shule ya michezo, na kila mtu alijua nafasi hiyo ni ya Twiga, msichana wa miguu mirefu aliyekaa naye dawati moja. Twiga alifanya mazoezi mwaka mzima, kila alfajiri. Ndiye pia aliyemwamsha kwa kiwiko kila mwalimu alipokaribia.

Bi Usingizi hakukusudia kushinda. Lakini kwenye kona ya kiwanda cha mikate umati ulianza kumshangilia Twiga, na wivu ukamchoma. Yeye amewatoa watu wangapi motoni, na nani aliwahi kumpigia makofi kwa sura yake mwenyewe? Akaiachia miguu. Kidogo tu, alijiambia. Alipokata utepe, Twiga alikuwa bado haonekani barabarani.

Makofi aliyapata. Kisha Twiga akafika, akamkumbatia huku akihema. "Hongera, bibi wewe! Kumbe ulikuwa unatuchezea." Akaenda nyuma ya vyoo, na kilio chake kikasikika hadi uwanjani.

Jioni shangazi hakugomba. Aliendelea kushona bila kuinua uso, na hilo lilimuuma kuliko kofi.

"Niwaambie ukweli, shangazi?"

"Ukisema wewe ni Cheche, majambazi wote niliowahi kuwakamata watajua pa kunipata." Akakata uzi kwa meno. "Lakini nafasi ya mtu huwezi kuikalia."

Asubuhi Bi Usingizi aliingia ofisini kwa mwalimu wa michezo. "Mwalimu, sikushinda kihalali. Nilikatiza ndani ya karakana ya mbao, nikatokea mbele."

Ulikuwa uongo, lakini hakuwa na njia nyingine ya kumrudishia Twiga haki yake.

Mwalimu alimsimamisha mbele ya shule nzima ayarudie maneno hayo. Wakamzomea. Msichana aliyewahi kuingia kwenye moto akashindwa kuinua macho kutoka kwenye viatu vyake. Kuzomewa angekuvumilia, kilichomfedhehesha ni kujua kwamba wanamzomea kwa kosa dogo kuliko lile alilolifanya.

Siku hiyohiyo Twiga alihamishia vitabu vyake dawati la mbele. "Mimi nilikukumbatia," alisema, "huku wewe ukijua ulichofanya."

"Nilijua. Nisamehe."

Twiga akampa mgongo.

Muhula ulipoisha, alikuja dukani kuchukua sare yake ya shule ya michezo, ambayo shangazi alikuwa ameishona. Bi Usingizi ndiye aliyeipiga pasi, akaikunja, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Asante, fundi," Twiga alisema, akimtazama shangazi peke yake.